Ile ya Katikati

Maître Ildephonse, notari wa Bujumbura, alikuwa mtu mwema, na ni wema wake uliomharibia Shakuru usingizi wiki ile.

"Shakuru," alisema siku ya Jumanne, amesimama kwenye mlango wa chumba cha kuchapia, "hii mashine yako imekwisha. Écoute, imetutumikia vya kutosha. Jumamosi tunaenda mjini wote wawili, tununue mupya. Na we ndiye utachagua, juu ni we unaitumikisha."

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Shakuru alisema, "Merci sana, maître," akatabasamu kuelekea ilikotoka sauti, na vidole vyake vikabaki juu ya mashine kama vya mtu anayeombwa kuuza mtoto.

Ilikuwa kompyuta ndogo ya kukunja, ile ambayo watu wa Bujumbura huiita portable, iliyonunuliwa kwa Mzungu aliyekuwa anakimbia nchi. Kifuniko chake kilifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Umeme ukikatika, nayo ilikufa papo hapo. Mstari mweusi ulipita katikati ya kioo, na herufi juu ya vitufe zilikuwa zimefutika zote kwa kuguswa miaka sita, hata hapana mtu mwingine ofisini aliyeweza kuandika sentensi moja. Kila kosa lililotokea kwenye hati, maître alilitupia mashine. "Si wewe, Shakuru, ni hii takataka," angesema, naye Shakuru angejibu, "Ni kweli, maître, imezeeka." Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini aliipenda.

Ukweli ni kwamba Shakuru alikuwa haoni. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole, na daktari alipomwambia kwamba kilichokwenda hakirudi, tayari kilikuwa kimekwenda kingi. Mwaka huo wa 2004 alikuwa amebakiwa na kitundu kidogo tu cha kupitishia mwanga: shati jeupe, mlango ulio wazi, taa ya gari. Njia ya kutoka mtaani kwake Jabe hadi kazini aliijua kwa miguu. Kuandika alikujua kwa vidole, kwa maana alijifunza mwaka 1978 kwa mwalimu aliyewafunika mikono kwa kitambaa, na toka siku hiyo hakuwahi kutazama anachokiandika. Maître alisoma kwa sauti mikataba ya watu, huyu anauza nyumba, yule anagawa shamba la marehemu, naye Shakuru akachapa. Maître aliposoma, hapana aliyejua kwamba Shakuru haoni.

Shida ilikuwa karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Hizo zilimngoja mkewe, Sumaya. Saa sita mchana aliingia na sahani ya wali na maharage imefunikwa, akafunga mlango, akamsomea mumewe Kifaransa neno kwa neno, bila kuelewa nusu yake, kwa elimu yake ya darasa la sita. Majirani wa ofisi walimwonea Shakuru wivu. Walidhani analishwa kwa mkono.

---

Jioni hiyo, baada ya sala ya alasiri, walikaa uani kwao Jabe, kwenye vyumba viwili vya kupanga, watoto wakiwa wametumwa maji. Shakuru alimweleza mkewe habari ya Jumamosi. Sumaya aliacha kuchambua dagaa.

"Mwambie una homa."

"Atangojea nipone. Unamujua. Anataka nifurahi."

"Basi mwambie achague mwenyewe. Yeye ni mutu wa masomo."

"Nilimwambia, Mama Amira. Anasema apana, mikono ni yangu." Shakuru alicheka kicheko kisicho na furaha. "Miaka yote naomba Mungu anipe boss mwema. Amenipa, na sasa sijui nimufanye nini."

Kuchagua mashine si kuchagua nyanya. Mashine zilizokuwa zikiingia mjini zilitoka Dubai, zilizotumika na zikatupwa huko Ulaya, na kila nchi ilikuwa na mpangilio wake wa herufi. Vidole vya Shakuru vilijua mpangilio mmoja tu, wa Kifaransa, ule unaoanza juu kushoto kwa A na Z. Ukimpa wa Kiingereza, ambao huanza kwa Q na W, kila neno lingetoka limevunjika miguu, naye asingejua. Angeendelea tu kuandika.

"Tumwambie ukweli," Shakuru akasema ghafla. "Nimechoka. Atanihurumia, labda."

Sumaya alitazama mlangoni kuhakikisha watoto hawajarudi.

"Na ile ya Melchior?"

Melchior alikuwa karani aliyekwenda mitaani kupima viwanja na kuandika rasimu kwa mkono. Miezi mitano nyuma, mjane mmoja aitwaye Daphrose aliuza kiwanja chake cha Gasenyi, namba 211. Melchior aliiandika moja ya katikati na mkia mrefu kama mapadri walivyomfundisha, na Sumaya, mlango umefungwa na wali unapoa, akaisoma saba. Hati ikatoka 271. Mnunuzi alipeleka mafundi, wakaanza kuchimba msingi kwenye kiwanja cha mtu mwingine, mwenye kiwanja akaja na panga, na aibu yote ikamwangukia maître. Rasimu ilikuwa imekwisha tupwa. Melchior aliapa kwa mama yake kwamba aliandika 211. Maître akamgeukia Shakuru, Shakuru akasema sentensi moja tu: "Niliandika kilichokuwa kwenye karatasi."

Melchior alifukuzwa siku hiyohiyo. Aliondoka na mwavuli wake na sanduku la kalamu, akampa Shakuru mkono.

"Ukimwambia huoni," Sumaya akasema kwa sauti ya chini, "atauliza nani alikuwa anakusomea. Akishajua ni mimi, ataikumbuka ile 271. Nyumba tunayolala ni ya huo mushahara. Amira anafanya mtihani mwaka huu. Unataka tule nini?"

"Sijui."

"Basi nitaenda mimi kwanza. Alhamisi. Nitaangalia iko wapi yenye A na Z, nitakuambia imekaa namna gani, na Jumamosi utaweka mukono juu yake kama mutu anayeona."

"Na nikikosea?"

"Hautakosea," alisema, akarudi kwenye dagaa wake. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini wahenga hawakuwa na kodi ya kulipa mwisho wa mwezi.

---

Duka ambalo maître alilitaja lilikuwa la Byamungu, Mkongomani wa Bukavu aliyevuka na mtaji mdogo baada ya vita vya kwao na sasa alikuwa akiuza redio, simu na kompyuta karibu na soko kuu. Sumaya alivaa kitenge chake cha Idi ili asifukuzwe. Haikusaidia sana.

"Mama, unatafuta fer à repasser? Pasi ziko kule nyuma."

"Natafuta portable."

Byamungu alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Bwana yako hana miguu?"

"Ana kazi," Sumaya akasema.

Zilikuwa tatu, zimepangwa juu ya kioo cha kaunta. Ya kushoto ilikuwa ya rangi ya fedha, na Sumaya alipoinama akaona herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kizungu, alif na lam, zile alizozisoma chuoni akiwa mtoto. Akaingiwa na furaha ya kijinga, kama amekutana na ndugu yake mjini. Halafu akakumbuka alichotumwa. Mbili zilizobaki zilikuwa nyeusi, sura moja, unene mmoja, kama watoto pacha. Akanyoosha kidole kuelekea juu kushoto, kwanza kwenye ile ya mwisho. Q. W. Kwenye ile ya katikati: A. Z.

"Usiguse, mama. Ukigusa ni umenunua."

"Sigusi. Ninaangalia tu."

"Hii ya katikati imetoka Ubelgiji. Ile ingine Londres, kwa Waingereza. Bei ni moja, nguvu ni moja. Bwana yako achague yoyote."

"Hazitauzwa kabla ya Jumamosi?"

"Mungu akipenda zitauzwa hata leo," Byamungu akacheka. "Lakini vita hii, nani ana pesa?"

Akiwa mlangoni, Sumaya aligeuka tena, akahesabu kwa kidole ndani ya kitenge: ya fedha, ya katikati, ya mwisho. Njia nzima hadi Jabe alikuwa akirudia moyoni kama anayehifadhi sura ya Qur'ani. Alipofika alimkalisha mumewe kitako, akaweka mbele yake vipande vitatu vya sabuni juu ya meza.

"Hii ni ya fedha, iache, ina Kiarabu. Hii, na hii. Zimefanana. Yako ni ya katikati. Weka mukono."

Shakuru akaweka.

"Tena."

Akaweka tena. Walifanya hivyo hata watoto wakauliza kama baba anacheza. Usiku huo Sumaya alisema, "Niende na wewe Jumamosi, Baba Amira. Nitasema napitia sokoni."

"Mutu mukubwa anaenda kuchagua mashine ya kazi na bibi yake nyuma? Maître atasema nini?"

Alikataa kwa kiburi, na mimi simlaumu. Mtu aliyebakiwa na kiburi peke yake hukishika kwa mikono miwili. Lakini laiti angemruhusu.

---

Ijumaa adhuhuri, watu wakitoka msikitini, mabomu mawili yalianguka upande wa juu wa mji, kutoka milimani. Katikati ya mji kila mfanyabiashara alijua la kufanya, kwa kuwa walikuwa na miaka kumi ya mazoezi. Milango ya chuma ilishuka yote kwa pamoja. Byamungu alikusanya bidhaa zake za bei juu ya kaunta, akazisukuma chini ndani ya sanduku la chuma, akakaa juu yake hadi kulipotulia.

Jumamosi asubuhi alifungua, akazipanga tena. Ya fedha aliirudisha kushoto, kwa kuwa ndiyo iliyong'aa na kuita wateja. Zile nyeusi mbili aliziweka kama zilivyomjia mkononi. Nani angejali? Bei ilikuwa moja.

---

Saa nne kasorobo maître alisimamisha gari mbele ya duka. Shakuru alivaa suti yake ya kijivu, na miwani aliyokuwa akiivaa ili watu waseme anaona kwa miwani. Alimfuata maître kwa kusikiliza viatu vyake. Ngazi moja, akaivuka. Akaiona kaunta kama kivuli kirefu, akaweka tumbo lake hapo, akapumua.

"Voilà, maître, karibu!" Byamungu aliita. "Tatu zote ni nzuri kabisa."

"Muulize huyu. Ndiye mwenye mikono."

Shakuru alikohoa. Akapeleka mkono kushoto, akagusa chuma baridi, akaupitisha kama mtu asiyependezwa. "Hii hapana, hii ya Waarabu," alisema, na maître akashangaa jinsi alivyoiona haraka. Shakuru alisikia mshangao ule, ukampa nguvu. Mkono wake ukasogea hatua moja, ukatua. "Hii. Hii ndiyo."

"Bila kuangalia ile ingine?"

"Maître, mutu wa kazi anajua jembe lake." Alisema hivyo, na hata akacheka. Vidole vilikagua: kitufe kikubwa cha kulia kilikuwa na umbo lilelile la mashine ya zamani, vinundu viwili vidogo vilikuwa mahali pake. Kila kitu kilimwambia ndiyo. Mashine za London na za Ubelgiji zina umbo moja. Zinatofautiana kwa rangi nyeupe ya herufi tu, na rangi nyeupe haina sauti.

"Washa, Byamungu. Aandike kidogo, nione."

Mashine ikalia wimbo wake mfupi. Byamungu akafungua ukurasa. Shakuru akavuta kiti alichopewa, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa, akaandika maneno ambayo kila hati ya maître huanza nayo, maneno aliyoyaandika mara elfu. Aliandika kwa mbio, vitufe vilikuwa laini, vipya, na kwa mara ya kwanza toka Jumanne moyo wake ulifunguka. Aliwaza kwamba atamwambia Sumaya jinsi vilivyokuwa laini.

Kwenye kioo, kikubwa na kisicho na mstari mweusi hata mmoja, mahali pa "L'an deux mille quatre, par-devant nous", yaani mwaka elfu mbili na nne, mbele yetu, kilitokea hiki:

L4qn deux ;ille auqtrem pqr6devqnt nous

Na kikaendelea, mstari wa pili, mstari wa tatu.

"Nzuri sana, maître," Shakuru akasema huku akiandika. "Angalia namna inaandika vizuri. Safi. Hakuna kosa hata moja."

Byamungu ndiye aliyeanza kucheka.

"Papa, hiyo ni Français ya wapi? Ya Kirusi?"

Shakuru, akidhani anataniwa kwa kasi yake, akacheka pamoja naye. "Ni Français ya watu wa zamani, mwanangu! Siku hizi hamuijui!" Akaongeza mbio ili kumfurahisha.

Byamungu aliacha kucheka. Alikuwa amemtazama maître usoni.

Maître Ildephonse aliinama, akashika vifundo vya mikono ya Shakuru, vyote viwili, taratibu, akaviinua kutoka kwenye mashine. Nimewahi kuona watu wakipigwa mbele ya halaiki, na sijaona mtu akidhalilishwa kama alivyodhalilishwa Shakuru kwa upole ule.

"Inatosha," maître akasema. "Twende."

---

Ndani ya gari maître hakuwasha moto. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi, akaiweka juu ya magoti ya Shakuru.

"Nisomee."

Shakuru aliinua karatasi, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. "Hii miwani, maître. Si ile yenyewe. Maandiko ni madogo kidogo."

"Shakuru."

"Naona, lakini ni madogo."

"Shakuru, hiyo karatasi haina kitu. Ni nyeupe."

Wauza karanga walipita dirishani wakigonga kioo. Shakuru aliikunja karatasi ile mara mbili, vizuri, kama barua, akaishika mkononi. Machozi yalimtoka bila sauti. Macho yaliyokataa kazi nyingine zote, hiyo moja yaliikumbuka.

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja na nusu. Labda miwili."

"Mon Dieu. Na hukuniambia? Mi ni mutu mubaya kiasi hicho?"

"Apana, maître. Ungekuwa mubaya ingekuwa rahisi."

Maître alisugua paji la uso. Alikuwa na mwaka mmoja tu toka azike ndugu yake, na hakuwa na hamu ya kumwumiza mtu yeyote. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kama mtu anayefikiri: ningesoma kila kitu mimi mwenyewe, wewe ungeandika tu, mashine za A na Z zipo, si lazima leo. Shakuru alisikiliza, na tumaini likamwingia mwilini, joto kama chai. Halafu maître akanyamaza katikati ya sentensi.

"Rasimu za mukono," akasema. "Zile za Melchior. Ulikuwa unazisomaje?"

Shakuru aliikunja ile karatasi mara ya tatu.

"Mbili saba moja. Ulisoma nini siku ile? Ulisomewa na nani?"

Hapo Shakuru angeweza kumtaja mkewe. Ilikuwa kweli, na labda ingepunguza hatia yake nusu. "Nilisoma mwenyewe," alisema. "Kwa hiki kitundu kilichobaki. Nilisoma vibaya. Melchior aliandika mbili moja moja."

"Na ulijua? Siku nilipomufukuza, we ulijua?"

"Nilijua."

Maître aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, haikuwa na hasira.

"Kwa macho ningekuweka, Shakuru. Wallahi, kama munavyosema ninyi, ningekuweka hata miaka kumi. Lakini nilimuita yule mutu mwongo mbele ya watu. Alilia mbele yangu. Na we ulikuwa umekaa pale."

Alimpeleka hadi Jabe, akashuka, akamshika mkono hadi mlangoni, kitu ambacho hapana mtu aliyewahi kumfanyia Shakuru mchana kweupe. Majirani wote wakaona. Mshahara wa mwezi mzima aliuweka mkononi mwa Sumaya, na Sumaya alipoona pesa zimepewa yeye, si mumewe, alielewa yote.

---

"Nilikwambia katikati," Sumaya alikuwa akirudia jioni nzima. "Wallahi ilikuwa katikati, Baba Amira. Niliona kwa macho yangu."

"Najua."

"Basi imekuwaje? Nani alizigeuza?"

"Acha, mama. Hata ingekuwa katikati, ningefika wapi nayo?" Alikuwa amekaa kwenye mkeka, suti bado mwilini. "Kesho unipeleke Kanyosha."

Sumaya alijua kwa nani. Alitaka kusema kwamba sasa haina faida, kazi imekwisha kwenda. Alitazama uso wa mumewe, akaenda kupiga pasi kanzu.

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa kila faranga ilikuwa imeshapata kazi yake. Ilikuwa Jumapili, makanisa yalikuwa yakitoka, na Sumaya alimshika mumewe kiwiko njia nzima bila kuficha. Kanyosha nyumba kadhaa zilikuwa hazina mabati tangu mapigano ya mwaka uliopita. Waliuliza mara tatu. Mwanamke aliyekuwa akianika mihogo mbele ya kibanda cha matofali mabichi aliwatazama, akamtambua Shakuru, akabeba beseni lake akaingia ndani bila salamu. Huyo alikuwa Lisette, mke wa Melchior.

Melchior alitoka nyuma ya nyumba na jembe begani. Alikuwa amekonda, na miguu yake, iliyokuwa ikivaa soksi kila siku, ilikuwa imejaa udongo.

"Mzee Shakuru," akasema. "Mumefika mbali."

"Melchior, nimekuja kusema." Shakuru alikuwa ameyapanga maneno toka Jabe, yakampotea yote. "Ile namba. Uliandika vizuri. Mi sikuona. Mi sioni, Melchior, nina miaka miwili sioni, na nilikuacha ufukuzwe. Jana nimemwambia maître."

Upepo ulipita kwenye mihogo iliyopandwa kando ya nyumba. Melchior alitua jembe.

"Kwamba huoni, nilikuwa najua," akasema.

Sumaya akainua kichwa.

"Nani unafikiri alikuwa anasogeza kile kiti cha wageni kila asubui ili usikigonge? Mi ndiye. Nilikuwa najua kitambo. Hata mama alivyokuwa anaingia na sahani, nilikuwa najua. Niliwasikia wakati munasoma."

"Na hukusema?" Sauti ya Shakuru ilikuwa ndogo. "Siku ile, si ungesema tu? Ungejiokoa."

"Ningesema, angekufukuza we. We una watoto wane, na hauwezi kulima. Mi naweza." Melchior alifuta mikono kwenye suruali. "Nilijiambia, huyu ni mutu wa sala tano. Atakuja mwenyewe. Si kwa maître, kwa maître sikutaka uende. Uje hapa tu, uniambie: Melchior, we si mwongo. Kila Jumapili nikitoka misa nilikuwa naweka kiti hapa inje, Lisette ananicheka. Miezi mitano." Akatazama pale kiti kilipokuwa kikikaa. "Wiki iliyopita ndiyo nimeacha kukiweka."

Shakuru alilia kwa sauti, uani kwa watu, kama mtoto, na hakujali nani anatazama. Kisha akanyoosha mkono kuelekea pale sauti ilipokuwa. Hakuna kilichougusa. Alingoja. Aliisikia mihogo ikitikisika, alisikia kuku, hakusikia hatua.

"Mama Amira," alinong'ona, "bado yuko?"

Sumaya alimtazama Melchior, aliyesimama mahali palepale, hatua mbili kutoka kwenye mkono ule, akiutazama.

"Yuko," akasema.

Shakuru akauacha mkono wake hewani.